Nani Ashike Kopo

Mtu ambaye hajapata kusimama nyuma ya meza ya ugawaji, kopo mkononi, gunia moja nyuma yake, na mbele yake safu ya watu ambayo unga wa gunia hilo hauwezi kuifikia mwisho, hudhani kwamba kulisha wenye njaa ni jambo la moyo mwema tu, na kwamba mwenye moyo mwema akiisha kupata chakula, kazi iliyobaki ni ya mikono. Rai hiyo ni ya heri, lakini haitoshi. Hapa kwetu Fizi na Baraka, ambako makanisa makubwa kwa madogo hutunza chumba cha akiba kwa ajili ya wajane, yatima, wagonjwa na wakimbizi, kwa kazi ya watu wasiolipwa, tumepata kuona ugomvi mkali ukizuka siku ambayo chakula kilikuwapo, baina ya watu ambao walikuwa wamevumilia pamoja miezi ambayo hakikuwapo. Wamestahimiliana katika njaa, wakashindwa kustahimiliana mbele ya magunia. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na nimefika mahali pa kuamini kwamba swali zito la ghala la kanisa halihusu kiasi cha kutolewa, wala hata jina la mwenye kupewa. Linahusu mtu anayeshika kopo, na njia iliyomfikisha hapo.

Nchi yenyewe haikuumbwa kuwa nchi ya njaa. Uwanda wa Baraka huzaa muhogo, mahindi, karanga na mpunga. Milima iliyo nyuma yake ina malisho na maharagi. Michikichi hutoa mawese, na Ziwa Tanganyika, siku lililotulia, hutoa ndagala na mikeke ya kulisha mji na kusaza cha kuuza mbali. Njaa yetu aghalabu haitoki ardhini, hutoka njiani: shamba lipo, lakini baina ya shamba na nyumba kuna watu wenye bunduki, mavuno yapo, lakini baina ya mavuno na soko kuna vizuizi ambavyo kila kimoja hudai sehemu yake, na miaka hii ya karibuni ziwa limepanda likaingia katika nyumba za ufukoni, na mito ishukayo kutoka milimani imefagia mashamba yaliyokuwa karibu kuvunwa. Zaidi ya hayo, chakula chetu kikuu hakimfai mtu anayekimbia. Muhogo mchungu hauliwi siku ya kung'olewa. Sharti umenywe, urowekwe siku kadhaa hata sumu itoke, uanikwe, utwangwe au usagwe, ndipo uwe unga wa ugali. Mlio wa risasi ukisikika usiku, familia huondoka na watoto na sufuria, na chakula chake hubaki ndani ya maji.

Historia nayo imetupa somo ambalo mataifa yenye amani hulipata kwa shida. Katika uasi wa 1964 na 1965 watu wa Fizi waliishi msituni, na wengine wakavuka ziwa; katika vita vya 1996 na vya 1998 walivuka tena maelfu kwa maelfu, wakapokewa Tanzania, mkoani Kigoma, hususan katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996, ambako watoto walizaliwa, wakasoma, wakaoa na kuolewa bila ya kuiona nchi ya baba zao; na kuanzia 2005 wengi wakarudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wakashuka na mabunda yao katika mji ulioharibiwa sana na vita. Haukupita muda mrefu, mwaka 2015 Warundi wakazikimbia ghasia za nchi yao, na wale wale waliokuwa wageni wa Watanzania wakajikuta ni wenyeji: kambi ya Lusenda ikafunguliwa humu humu Fizi, na baadaye makao ya Mulongwe. Tangu 2019 vita vya nyanda za juu, za Minembwe na Itombwe, vimeteketeza vijiji vya Wabembe, vya Wafuliiru na vya Wanyamulenge, vikawatoa watu makwao. Na Bukavu ilipotekwa Februari 2025, hofu ilishuka hadi Uvira, na watu wakaanza tena kuelekea kusini. Kwa hiyo mbele ya meza ya ugawaji hawakutani watu wa namna mbili, watoaji na waombaji. Hukutana watu wale wale katika zamu tofauti za maisha yao, na mzee anayepima unga leo huenda anaikumbuka vizuri kadi ya posho aliyokuwa akiitunza mfukoni ng'ambo ya ziwa.

Chumba chenyewe ni kitu cha hali ya chini. Aghalabu kimejengwa ubavuni mwa kanisa kwa matofali ya udongo na bati, kina mlango mmoja wenye kufuli, na mbao zimelazwa sakafuni ili magunia yasishike unyevu. Hujazwa kwa njia anazozijua kila muumini: Jumapili ya mavuno akina mama huingia na beseni kichwani, huyu la muhogo, huyu la karanga, mwingine ana kuku aliyefungwa miguu, mwingine chupa ya mawese. Wakatoliki hukusanya katika mashirika yao, yaani zile jumuiya ndogo za mtaani, na mambo makubwa hupitia Caritas ya jimbo la Uvira. Waprotestanti huiita kazi hii diakonia na kuiweka mikononi mwa mashemasi, na kwa kweli zaidi mikononi mwa wake zao na dada zao. Mara nyingine hufika shehena kutoka mbali. Lakini mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura nchini Kongo, iliposimamisha misaada yake ya nje, lile beseni la mama, lililokuwa likihesabiwa kuwa nyongeza tu, likawa tegemeo. Wanaohudumu hawapati ujira wowote, na hilo nalitaja kwa heshima kubwa, maana wengi wao wakiisha kufunga mlango hurudi nyumbani kwenye sufuria isiyo na mboga.

Sasa na tuutazame mkono. Sokoni, mama akinunua unga kwa kopo, hata akiwa na faranga za kopo moja peke yake, huinama akalitazama linavyojazwa. Muuzaji akilitikisa ili unga ushuke, ni sawa, akilisawazisha juu kwa kiganja, mama hukunja uso, na unga ukiisha kumiminwa ndani ya kitambaa chake hasogei, husema, "Na matabishi, dada yangu?" na muuzaji, kwa kunung'unika au kwa kucheka, humwongeza ukufi mmoja. Ukufi huo hautolewi kwa hisani. Ni ada ya soko, na muuzaji asiyeijali hukosa wateja. Basi mtazame mama yule yule Jumamosi asubuhi mlangoni mwa ghala la kanisa. Halitazami kopo. Hutazama chini, au hutazama uso wa shemasi, na kopo likipungua kwa upana wa kidole hushukuru kwa sauti ile ile ambayo angeshukuru nayo kama lingefurika. Aliyempunguzia labda hakukusudia; mkono huchoka, na akili yake iko kwenye safu iliyobaki. Lakini mama huyo amepotewa na kitu kikubwa kuliko ukufi wa unga: amepotewa na uwezo wa kusema kwamba kipimo hakijatimia. Faranga mia chache zilimfanya mtu wa kujibiwa, na njaa imemwachia kushukuru tu.

Naliona hilo kuwa jambo la imani, wala si la adabu peke yake. Torati ya Musa ilikwisha kuamuru mizani ya haki na kipimo cha haki katika sura ile ile ya Mambo ya Walawi inayomwagiza mwenye shamba asivune pembe zake, amwachie maskini na mgeni. Yaani sheria ya sadaka na sheria ya kipimo zilitolewa pamoja, kana kwamba Mwenyezi Mungu alijua kuwa binadamu atajaribu kuzitenga, awe mwadilifu mbele ya mwenye fedha na mkarimu mbele ya asiye nayo, na ukarimu huo uwe ruhusa ya kutopima vizuri. Na Bwana Yesu, katika Injili ya Luka, alipotaka kuwaeleza watu jinsi kutoa kunavyorudi kwa mtoaji, alichukua mfano wa kipimo kilichoshindiliwa na kutikiswa mpaka kikamwagika. Hiyo ni lugha ya soko, lugha ya mama anayedai matabishi. Yeye aliyesema hivyo alikwisha kuwaona wanawake wa Galilaya wakiinama kutazama nafaka zao.

Wapo wasemao kwamba dawa ya ugomvi ni uchunguzi: watu waandikwe, waulizwe, wachujwe. Je, mume yu hai? Watoto wangapi wanalala nyumbani? Je, alionekana ibadani? Swali hili lina umri wa kanisa lenyewe. Didake, kitabu kidogo ambacho ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Wakristo baada ya mitume, katika sura yake ya kwanza kinaagiza kila aombaye apewe, na mistari michache baadaye kinaagiza sadaka ikawie mkononi mpaka mtoaji amjue anayempa. Wasomaji wengine huona hapo mwandishi amejikanganya. Mimi nadhani aliwahi kugawa. Upande wa pili yuko Yohane Krisostomo, ambaye katika karne ya nne, kule Antiokia, aliwaambia waumini wake kwamba kanisa lao, ambalo mapato yake hayakufikia ya matajiri wakubwa wa mji, lilikuwa likiwalisha wajane na mabikira 3000 kila siku, mbali na wafungwa, wagonjwa na wasafiri. Na akawakemea vikali wale waliomhoji maskini kama hakimu ahojivyo mshtakiwa, kwa ajili ya mkate mmoja. Kwake yeye shida ya maskini ilikuwa hoja tosha, wala hakuhitaji hoja ya pili.

Moyo wangu uko kwa Krisostomo, lakini ghala la Baraka halina utajiri wa Antiokia, na gunia likiwa moja lazima mtu aulizwe kitu. Ninachokikataa ni hoja ya upande mmoja. Mama aliyeulizwa ana watoto wangapi awe naye na haki ya kuuliza magunia yaliingia mangapi, yakatoka mangapi, na lile lililoandikwa kuwa liliharibika kwa unyevu nani aliliona. Mahali ambapo muulizaji hawezi kuulizwa, uchunguzi hauwi hekima ya kugawa kidogo kwa haki. Huwa ni kiti cha enzi, na anayekikalia hata akiwa mtu mwema huanza kuzoea kupigiwa magoti.

Kisha lipo lile swali linalotuumiza zaidi: je, wa kwetu kwanza? Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia wawatendee mema watu wote, na hususan wale wa nyumba ya imani, na neno hilo la mwisho limetumika mara nyingi kufunga mlango ambao maneno ya kwanza yaliufungua. Kwetu hatari yake ni kubwa kwa sababu ushirika mwingi hufuata kijiji, na kijiji hufuata ukoo, hata "wa nyumba ya imani" wakawa, bila ya mtu kutamka, wa nyumba ya fulani. Lakini ifikiriwe hiyo Galatia yenyewe ilifikia wapi. Karibu karne tatu baada ya waraka ule, mwaka 362, Kaisari Juliani, aliyetaka kuirudisha dunia ya Kirumi katika miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwa uchungu kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia, na jambo hilo linawaaibisha makuhani wa miungu. Adui hakuona mlango uliofungwa. Laiti ushahidi wa namna hiyo ungetolewa leo juu yetu na mtu asiyetupenda.

Nimefika sasa kwenye habari ninayoiona kuwa msingi wa jambo zima, nayo imo katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, likishiriki mali na chakula, na manung'uniko ya kwanza tunayosimuliwa kuzuka ndani yake hayakuhusu mafundisho juu ya Mungu, yalihusu chakula. Waumini wenye lugha ya Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, huku wajane wa Waebrania, wenyeji wa mji na wa lugha yake, wakipata. Haikusemwa kwamba kuna mtu aliyeiba, wala kwamba kuna aliyekusudia kuwanyima. Mwenye kugawa humwona kwanza yule anayemjua jina, humsikia kwanza yule wanayesema naye lugha moja, na mjane asiyejua kuomba kwa lugha ya mgawaji husukumwa nyuma bila ya mkono wowote kumgusa.

Mitume wangeweza kuwanyamazisha walalamikaji kwa jina la umoja, kama tunavyofanya mara nyingi, tukisema kwamba manung'uniko ni kazi ya shetani. Wangeweza kuunda baraza la wazee wa Kiebrania kuchunguza madai. Hawakufanya hivyo. Waliuita mkutano wote, wakauambia uchague watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Na waliochaguliwa ni Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na wa mwisho hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Najua kwamba hata Wayahudi wa Palestina walijiita majina ya Kiyunani, na Filipo mtume wa Bethsaida ni mmoja wao. Lakini saba kwa saba, bila ya Yakobo hata mmoja, bila ya Simeoni, ni vigumu kuyahesabu kuwa bahati. Kwa kadiri ninavyoisoma habari ile, upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa ghala, na haikuwa sehemu ya wajane wake peke yake. Ilikuwa huduma yote, hata wajane wa Kiebrania nao wakawa wanangoja chakula chao kutoka mikono ya watu wa lugha ngeni.

Najua litakalosemwa: kwamba aliyesahauliwa jana, akipewa ufunguo leo, atalipiza, atawajaza wake, na wengine watakula vumbi. Hofu hiyo haina upuuzi. Lakini dawa yake imeandikwa katika nyaraka za Mtume Paulo. Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake, wala kuubeba na wasaidizi aliowachagua mwenyewe. Aliwaeleza Wakorintho kwamba pamoja naye anakwenda ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Huyo ni mtume, naye hakuona kwamba kuandamana na shahidi ni kudharauliwa. Miongoni mwa wale Kumi na Wawili aliyeshika mfuko alikuwa Yuda, na Injili ya Yohana inasema alikuwa akichukua vilivyotiwa humo. Kwa hiyo kufuli mbili, na funguo zake kwa watu wa nyumba mbili zisizo na undugu. Daftari lisomwe kwa sauti kanisani. Gunia lipimwe mbele ya watu linapoingia na linapofunguliwa. Hayo si matusi kwa mhudumu mwaminifu. Ni kinga yake, siku uvumi utakapomzukia.

Wengine humtaja Yusufu: mtu mmoja mwenye akili na mamlaka, aliyeweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya neema, akaiokoa Misri na jirani zake. Ni kweli, na uangalifu wake ni wa kuigwa. Lakini Kitabu cha Mwanzo hakiishii hapo. Sura ya arobaini na saba inasimulia jinsi Wamisri walivyokuja mwaka kwa mwaka kununua nafaka iliyotoka mashambani mwao wenyewe, kwanza kwa fedha, fedha ilipokwisha kwa mifugo, kisha kwa ardhi na kwa miili yao, hata wakawa watumwa wa Farao, wakashukuru. Ghala liliwaokoa wasife, na likawanunua. Kila ninaposikia watu wakisema kwamba tunahitaji mkono mmoja wenye nguvu ili mambo yaende upesi, huikumbuka shukrani ile ya Wamisri.

Nami niseme waziwazi maana yake kwa hapa petu, ijapokuwa kusema kunaleta taabu. Kama safuni wapo Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Wanyamulenge na Warundi wa Lusenda, na nyuma ya meza wapo watu wa nyumba moja, ghala hilo bado halijapata mashemasi wa Matendo ya Mitume, hata wahudumu wake wawe watakatifu. Yule mama ambaye matamshi yake humfanya anyamaze safuni, yeye ndiye wa kuombwa kwanza ashike kopo. Watu watasema jambo hilo haliwezekani, kwa damu iliyomwagika. Lakini ardhi hii yenyewe ina ushahidi. Mnamo 28 Novemba 1964 waliuawa hapa, wawili Baraka na wawili Fizi, watumishi wanne ambao Kanisa Katoliki liliwatangaza wenye heri pale Uvira tarehe 18 Agosti 2024: wamisionari Waksaveri watatu kutoka Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, na padri Albert Joubert, mzaliwa wa kando ya ziwa hili hili, wa baba Mfaransa na mama Mwafrika. Hakuna ukoo wa Fizi unaoweza kusema kwamba hao ni wake peke yake, na bado ni wa Fizi. Nao waumini wanaowaheshimu hawawezi kulipima taifa la mtu kabla ya kumpimia unga.

Jirani zetu Waislamu, ambao dini yao ilifika ufukoni hapa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya kumi na tisa, wana jambo la kutufundisha katika mlango huu. Kurani, katika sura ya Tauba, inataja mafungu manane ya wenye kustahiki zaka, na mmoja wao ni msafiri aliyekwama njiani, hata kama kwao ana mali. Hekima hiyo ni kubwa, na inaikata fitina moja inayorudi kila mwaka: kwamba fulani asipewe kwa kuwa inajulikana ana shamba la muhogo kule juu na alikuwa na ng'ombe. Shamba alilokimbia halijazi sufuria. Yeye ni mtu wa njiani, na haki yake imetoka katika hali aliyo nayo leo, wala haikufutwa na mali aliyoiacha. Fungu jingine katika yale manane ni la wale wanaoifanyia kazi hiyo zaka. Sisi tusiowapa wahudumu wetu chochote, tukawatazama wakipima unga huku watoto wao wana njaa, tumewawekea mtego ambao sheria ya wenzetu iliuona mapema.

Lakini hata ghala lenye daftari safi na funguo mbili litakuwa na upungufu ikiwa mpokeaji hana la kutoa. Nabii Eliya, katika njaa, hakupelekwa kwa tajiri. Alipelekwa Sarepta, katika nchi ya Sidoni, kwa mjane mgeni aliyekuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na nabii akamwomba yeye ampe kwanza. Zamani nilidhani kisa hicho kinahusu muujiza wa pipa lisilopungua. Siku hizi namtazama zaidi mjane, ambaye aliyemjia alimtendea kama mwenye nyumba. Wamama wa Baraka, hao hao tunaowapanga safuni kama watoto wa shule, huendesha likelemba zao kwa miaka: kila mmoja huweka kidogo, zamu hufuatana, anayefiwa hupishwa mbele, na hesabu yote imo kichwani mwa mama mmoja ambaye pengine hajui kuandika jina lake. Wanajua kugawa kuliko sisi. Aliyepokea wiki iliyopita aweza kualikwa kushika kopo wiki hii. Naalikwe tu, bila ya kuwekewa sharti, maana chakula cha Mungu hakiuzwi hata kwa kazi. Na aliyelishika kopo siku moja, akirudi safuni, hulitazama likijazwa, na huthubutu kusema.

Limebaki la gunia kuisha. Halikwepeki, na ndilo linalowaliza wahudumu usiku. Desturi iliyoenea ni kugawa kwa kufuata safu mpaka unga umalizike, kisha mlango ufungwe na watu waambiwe warudi kwa amani. Na Yakobo katika waraka wake alikwisha kutuonya juu ya amani ya namna hiyo, anayoagwa nayo mtu mwenye njaa. Rai yangu ni kwamba ukweli usemwe kabla ya kopo la kwanza. Magunia yatolewe nje, watu wayaone, hesabu ya makopo itajwe, na safu yenyewe iulizwe: je, kopo lipunguzwe ili wote wapate, au watangulizwe wenye watoto wachanga na wagonjwa? Nimewaona watu walioambiwa hivyo wakimsogeza mbele bibi asiyemjua yeyote kati yao, jambo ambalo shemasi angelifanya peke yake lingeleta matusi. Na wale watakaokosa, kwa kuwa wapo watakaokosa, wasiondoke kimya. Majina yao yaandikwe mbele ya wote, na Jumamosi itakayofuata yasomwe ya kwanza, kabla ya jina la mtu yeyote wa nyumba ya mchungaji, na kabla ya jina la mtu yeyote wa nyumba za wale wawili wenye funguo.